UMEBONYEZA "NIMEKUBALI". JE, KUNA ALIYEKUULIZA?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. 

Ndugu zangu katika imani. Wiki iliyopita niligusia kwenye darsa jambo la simu zetu kuuza nyendo zetu. Jibu lililokuja kwa wingi ni hili: "Shekhe, mimi sina cha kuficha. Wakijua niko Kariakoo wanapata nini?" Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu ni jibu baya linalosemwa na watu wema, na kwa sababu aliyelisema kwa nguvu zaidi ni kijana wetu wa Kiislamu anayetengeneza programu za simu. Soma mpaka mwisho ndipo uandike maoni yako.

Kwanza tuelewane simu inafanya nini. Inajua ilipo kwa kusikiliza satelaiti, minara ya mtandao na Wi-Fi zilizo jirani. Programu uliyoipa ruhusa ya kuona mahali ulipo inaweza kuandika nukta hiyo ya ramani pamoja na saa na dakika, kisha ikaituma kwa kampuni ambayo hujawahi kulisikia jina lake. Kampuni hiyo inakusanya nukta za mamilioni ya simu, inazipanga, inaziuza. Huyo ni dalali. Dalali wa nyumba unamjua, dalali wa magari unamjua. Huyu ni dalali wa nyayo. Mnunuzi anachora mduara kwenye ramani, tuseme kuzunguka duka la viatu la mshindani wake, na kila simu iliyoingia humo inaletewa tangazo la viatu vyake yeye. Viatu, soda, chipsi. Hapo wengi tunacheka na kuendelea na safari.

Lakini mduara huo huo unachorwa kuzunguka msikiti. Unachorwa kuzunguka hospitali. Na usiniambie kuwa jina lako halimo, kwamba kuna namba tu. Simu inayolala kila usiku nyumba ileile ya Mbagala na kushinda kila siku shule ileile ya Temeke, hiyo ni ya nani kama si ya mwalimu anayekaa nyumba hiyo? Jina halihitajiki. Nyumba inatosha.

Mwezi Novemba 2020 waandishi wa Motherboard huko Marekani walitoa habari iliyotuumiza Waislamu dunia nzima. Programu ya Muslim Pro, inayotupa nyakati za sala na mwelekeo wa kibla, na ambayo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali watumiaji wake walipo kwa dalali aitwaye X-Mode. Na X-Mode naye alikuwa anawauzia wakandarasi wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Haki isemwe hata kwa unayemlaumu: Muslim Pro walikana kuliuzia jeshi taarifa, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Lakini hebu fikiria mtu ametia udhu, anafungua simu ajue kibla kiko wapi, na palepale hatua yake imeshaingia sokoni.

(Tena kwa sisi wa pwani hii hata haikuhitajika. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ukiwa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, mpaka wazee wetu wakisema "kibla" walimaanisha kaskazini. Misikiti mikongwe ya pwani haikusubiri satelaiti.)

Tulipiga kelele kwa sababu lilitajwa jeshi, na kelele zile zilikuwa za haki. Ila tulinyamaza mapema mno. Januari 2024 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya X-Mode na kampuni iliyoirithi, Outlogic, na kuzizuia kuuza taarifa za maeneo nyeti kama nyumba za ibada na vituo vya tiba. Ndani ya malalamiko ya tume kulikuwa na jambo ambalo sikuliona kwenye magrupu yetu hata mara moja. X-Mode alikuwa na mkataba na kampuni binafsi ya utafiti wa tiba. Alichoipatia ni orodha za watu waliofika kwenye ofisi za madaktari fulani na kisha maduka ya dawa katika eneo la Columbus, jimbo la Ohio, na pia waliofika kwenye vituo maalumu vya kuwekewa dawa kwa dripu. Lengo lilikuwa matangazo.

Rudia kusoma hapo. Mtu ametoka nyumbani kwake na ugonjwa wake. Amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Ametoka na karatasi mkononi, amepita duka la dawa, amerudi nyumbani. Pengine hajamwambia mkewe. Lakini ameshawekwa kwenye kundi, na kundi limeshauzwa kwa watu wa utafiti, na yeye hakuulizwa na daktari, wala na mtafiti, wala na dalali. Alichofanya ni kubonyeza "nimekubali" miezi iliyopita, kwenye programu ya kitu kingine kabisa.

Wewe unayesema huna cha kuficha, huna mgonjwa nyumbani kwako?

Sasa tuje kwenye dini. Katika maradhi yake ya mwisho Mtume (s.a.w) alizidiwa, na watu wa nyumbani kwake wakamtia dawa upande wa kinywa, tiba ambayo Waarabu huiita ladud. Aliwaashiria wasifanye. Wao wakaona ni ile kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamtia. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwa amewakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwemo nyumbani atiwe dawa ileile mbele ya macho yake, isipokuwa Abbas (r.a), kwa kuwa hakuwepo walipofanya hivyo. Kisa hiki amekisimulia Bi Aisha (r.a), na kimo katika Bukhari na Muslim.

Tazama waliofanya ni nani. Ni watu waliompenda kuliko nafsi zao, nia yao ni apone, hawakulipwa hata dirhamu. Na bado kukataa kwake kulisimama juu ya nia yao njema. Basi nini hukumu ya dalali asiyekujua, asiyekupenda, na anayelipwa kwa kila kichwa?

Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Allah ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Na aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w) aliambiwa kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Yaani hata kama hukuingiza mguu, kuona tu kunataka ruhusa. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, upelelezi umekatazwa pamoja na dhana mbaya na usengenyaji. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, biashara iliyohalalishwa ni ile ya kuridhiana. Fiqhi yetu inahesabu ridhaa ya mtu anayejua anachoridhia. Ukimuuzia mtu gunia la mchele ukaficha uliolowa chini, kusema kwake "nimenunua" hakukuondolei dhambi. Ile karatasi ya masharti ya kurasa arobaini kwa Kiingereza cha mawakili ndiyo mchele mkavu wa juu.

Wapo watakaosema: shekhe, unapinga utafiti, na utafiti unaokoa watu. Sipingi. Imam al-Ghazali ameuhesabu utabibu katika fardhi kifaya, na dawa haijulikani kuwa ni dawa mpaka ijaribiwe kwa watu. Aliyewahi kuombwa kushiriki utafiti hospitalini anajua unavyotakiwa kuwa: anakaa mtu mbele yako, anakueleza kwa lugha yako watakachofanya na hatari zake, anakwambia unaweza kukataa na matibabu yako yasipungue, na unaweza kujitoa katikati. Utaratibu huo haukushuka tu. Umeandikwa kwa damu. Kanuni za Nuremberg za 1947 zilikuja baada ya madaktari wa Kinazi kuwafanyia majaribio wafungwa. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, ikawaambia wanatibiwa "damu mbaya" na ikawanyima penisilini hata ilipokuwa dawa inayojulikana. Nao walipewa vitu vya bure: chakula, usafiri, gharama za mazishi. Neno "bure" liangalieni vizuri.

Na lipo lililo karibu yetu zaidi. Mwaka 1996 mji wa Kano, Nigeria, mji wa Waislamu, ulikumbwa na homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ilikuja na dawa yake mpya, Trovan, ikaijaribu kwa watoto wapatao 200: nusu walipewa hiyo mpya, nusu dawa iliyozoeleka. Walikufa watoto 11, watano waliopewa Trovan na sita waliopewa nyingine, na wengine walibaki na ulemavu. Kampuni ilisema kilichoua ni ugonjwa, na kwamba wazazi waliridhia kwa mdomo. Wazazi walisema hawakujua kama ni jaribio, wala hawakuambiwa kwamba hapohapo hospitalini Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wanatoa tiba inayojulikana, bila malipo. Mwaka 2009 Pfizer ilifikia maafikiano ya dola milioni 75 na serikali ya Kano, bila kukiri kosa.

Ibn Qudama katika al-Mughni anasema aliyemtahiri mtoto bila idhini ya walii wake, madhara yakatokea, anabeba dhamana. Ngariba anaweza kuwa fundi, kisu kikawa safi, na bado akalipa, kwa sababu hakuuliza. Basi wazazi wa Kano hawakudai jambo geni.

Na mjue kilichofuata. Mwaka 2003 Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa miezi mingi, na kisa cha Trovan kilikuwa miongoni mwa yaliyowajaza watu shaka. Virusi vikasambaa mpaka nchi nyingine, watoto wa Kiislamu wakapooza. Ninasema hivi kwa masheikh wenzangu wanaochukua Kano na Tuskegee kuwa hoja ya kukataa kila sindano: mmegeuza dhuluma moja kuwa dhuluma mbili. Anayeuza nyayo za wagonjwa naye anatia sumu kisima kilekile. Siku mgonjwa wa Columbus atakapojua namna alivyotafutwa, mtafiti mwaminifu atakayemwomba kwa adabu atakuta mlango umeshafungwa.

Jaribio la uadilifu wetu liko hapa. Mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts alifikia makubaliano na kampuni ya matangazo iitwayo Copley. Kampuni hiyo ilikuwa imechora miduara kuzunguka kliniki za uzazi katika miji kadhaa, ikiwamo Columbus hiyohiyo, ili wanawake waliofika huko waletewe kwenye simu matangazo ya mashirika ya Kikristo yanayopinga utoaji mimba, na matangazo yaliweza kumfuata mwanamke kwa hadi siku 30. Msimamo wangu kuhusu kutoa mimba mnaujua, na hukumu zake tumezisoma. Ninajua baadhi yenu mmeshaanza kusema "safi sana". Si safi. Nasaha ina adabu zake, na kumvizia mwanamke kwenye mlango wa daktari kwa macho asiyoyaona si adabu yake hata moja. Tukiupenda mduara unapomzunguka tunayetofautiana naye, tusilie ukichorwa kuzunguka msikiti wetu.

Ninarudi kwa yule kijana. Alinieleza kwamba madalali hawa humlipa mtengenezaji wa programu kwa kukubali kupachika kipande kidogo cha msimbo wao ndani ya kazi yake. Programu inabaki bure, watu wanasoma Qur'ani, yeye anapata riziki. Nikamuuliza kwa nini basi asiweke maneno mawili wazi kwenye ukurasa wa kwanza: tunauza mahali ulipo, je, unakubali? Akasema, "Shekhe, wote watakataa." Nikamwambia majibu yao unayo tayari, na unafanya kinyume chake.

Na sheria sasa zipo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022. Asiyeogopa aya aogope faini.

Kwa wengine, fanyeni hivi leo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya faragha, tazama ni programu zipi zinaona mahali ulipo. Tochi haihitaji kujua uko wapi. Mchezo wa mtoto hauhitaji. Programu ya sala ichagulie jina la mji wako kwa mkono, nyakati zitatoka vilevile. Inayohitaji kweli, kama ramani, iwekee "wakati wa kuitumia tu". Na namba ya matangazo ifute au uizime, iko kwenye mipangilio hiyohiyo. Ukiwa unampeleka mgonjwa hospitali, mfanyie na yeye, hasa wazazi wetu waliowekewa simu na wajukuu wakabonyeza "nimekubali" kwa niaba yao.

Kijana aliuliza pia kuhusu pesa alizokwishapokea. Ninaloliona ni kwamba aondoe kile kipande, awaambie watumiaji wake kilichokuwa kikifanyika, na kiasi kilichotokana na kuuza nyendo zao akitoe kwa mahitaji ya wagonjwa bila kukihesabu kuwa ni sadaka yake. Nimemwelekeza pia kwa wanaojua zaidi yangu katika fiqhi ya mali. Wallahu a'lam.

Wenye simu za zamani zisizo na mipangilio hiyo, nitakaa nanyi Ijumaa baada ya Alasiri, inshaAllah. Njooni na chaji.