Ielewe pedali ya gitaa lako kabla hujampa fundi doo

JUMAMOSI usiku mmemaliza mazoezi na bendi. Umebonyeza swichi ya pedali kwa mguu, taa nyekundu ikazima, ukaiacha pale sakafuni na nyaya zake. Asubuhi wenzako wanangoja uanze. Unabonyeza, kimya. Betri ya juzi tu imekufa! Unampelekea fundi, naye bila hata kufungua anakwambia, "Hii imeungua, tafuta ingine."

Pole, lakini hapo unachezwa. Huenda pedali yako ni nzima kabisa, ila hukuwahi kuizima.

Tazama plagi ya kawaida ya gitaa, ile nene ya milimita 6.35. Ina sehemu mbili za chuma: ncha na shina. Ncha hubeba sauti, shina hukamilisha mzunguko wa umeme. Sasa fungua mfuniko wa pedali uangalie tundu la kuingizia waya huo, ambalo mafundi huliita jeki. Kwenye pedali nyingi za betri, jeki hiyo ni ya stirio. Ina miguu mitatu, si miwili. Mmoja hugusa ncha, mwingine hugusa shina, na wa katikati huitwa pete.

Ujanja uko kwenye pete. Waya mweusi wa betri, yaani upande hasi, umelehemiwa hapo. Bila plagi, waya huo hauendi popote na umeme haupiti. Ukichomeka plagi, shina lake refu hugusa mguu wa pete na ule wa shina kwa pamoja, mzunguko unakamilika na pedali inawaka. Kumbe waya wa gitaa ndio swichi yenyewe! Ile unayokanyaga huamua tu kama sauti ipitie kwenye madoido au ipite kando. Taa ikizima, betri bado inaliwa.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni ya bure: ukimaliza kupiga, chomoa waya upande wa kuingizia sauti.

Ya pili ni kujua dalili. Pedali ikifanya kazi kwa adapta lakini ikakataa betri, usikimbilie kuitupa. Kagua kama waya mweusi umeng'oka kwenye pete. Kagua pia waya wako wa gitaa. Ukitumia wa stirio, wenye mistari miwili myeusi kwenye plagi, shina lake ni fupi na haliunganishi pete, hivyo betri haitawasha kitu.

Ya tatu ni kumchunga fundi. Asiyejua siri hii atatoa jeki ya miguu mitatu aweke ya miwili, maadamu "zote ni jeki". Akiunganisha waya mweusi na shina, betri itakuwa ikiliwa usiku na mchana hata ukichomoa. Akiuacha ukining'inia, betri haitafanya kazi kamwe. Ukienda Luthuli Avenue kununua jeki, itisha ya stirio na uhesabu miguu kabla ya kulipa.

Tunajua wengine mtasema, "Mimi ni msanii bana, hayo ya waya ni ya mafundi." Hapana. Mwendesha boda hujua kubadilisha plagi ya pikipiki yake. Hangoji kukwama barabarani ndipo ajifunze. Pedali ni kifaa chako cha kazi. Kila shoo unayokosa kwa sababu ya waya mmoja ulioachia ni pesa yako imeenda, na kila pedali nzima inayotupwa ni takataka tusiyohitaji.

Anza pole pole. Toa betri, fungua skrubu, piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kugusa chochote, kisha fuata waya mweusi uone unakoishia. Betri ya volti 9 haitakudhuru. Ila amplifaya ya umeme wa ukutani usiichokoe, kwani hiyo inaweza kuua hata ikiwa imechomolewa. Hapo sasa muite fundi anayejua kazi yake.

Kwa pedali, jaribu wewe kwanza. Usikubali kuambiwa "imeungua" na mtu ambaye hata hajaifungua.