Majibu Yanasema Huna, Moyo Unakataa



Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mikumi, kijana mmoja wa parokiani alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. "Frateri, nina shida ya siri," akaniambia. Ndani ya mwaka mmoja na nusu alikuwa amepima virusi vya UKIMWI mara saba. Alianzia Mikumi, akaenda Kilosa mjini, kisha Ifakara na Morogoro, ili asipimwe na mtu anayemfahamu. Mara zote saba aliambiwa hana maambukizi. Hata hivyo halali usingizi. Akitokwa jasho usiku anasema ndiyo hiyo. Akipungua kilo mbili anasema ndiyo hiyo. Ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja, kwa sababu anaamini hayuko peke yake. Nami naamini hivyo.

Hofu hii ina mizizi. Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori hulala hapa. Tuliokulia Mikumi tumesikia tangu utotoni kwamba mji wa barabarani ni mji wa hatari. Wazazi wetu nao wanakumbuka miaka iliyofuata 1983, wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa Kagera, wakati kuambukizwa kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, lakini hofu ya enzi zile tumeirithi hata sisi ambao hatukuziona.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kipimo cha haraka tunachokikuta vituoni hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana navyo. Kinga hiyo huchukua wiki kadhaa kuonekana, ndiyo maana aliyepima mapema huambiwa arudi. Ikishapita miezi mitatu tangu tukio la mwisho la hatari, na kipimo kikaonyesha hana, basi hana. Jibu hilo linabaki hivyo mpaka litokee tukio jipya. Na jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na hata kukonda vinaweza kuletwa na hofu yenyewe.

Kijana yule aliyajua haya yote. "Lakini Frateri, kama kipimo kilikosea?" Mara saba? "Inawezekana."

Hapo nilikumbuka somo la darasani. Aristotle alifundisha kwamba si haki kudai uhakika wa aina moja katika kila jambo: mwanahesabu ana uhakika wake, na maisha ya kila siku yana wake. Kanisa nalo linazungumzia uhakika wa kimaadili, yaani ule unaomtosha mtu mwenye busara kuamua na kutenda, hata kama akilini anaweza kubuni uwezekano wa kinyume. Kijana huyu alikuwa anatafuta uhakika ambao hakuna maabara duniani inayoweza kuutoa. Kipimo cha nane kisingemsaidia kuliko cha saba.

Kulikuwa na jingine. Yote yalianza na usiku mmoja anaoujutia. Nikamuuliza kama ameungama. Ameungama dhambi ile ile mara nne, kwa mapadre wanne. Kumbe alivyokuwa anapima ndivyo alivyokuwa anaungama! Hakuamini kwamba amesamehewa, na alikuwa anaisubiri adhabu ije kupitia damu yake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipita njia hiyo. Mwaka 1522, huko Manresa, Uhispania, aliungama tena na tena dhambi alizokwisha kuondolewa, akateseka hadi kujaribiwa kujiua. Alipona alipoamua kutoziungama tena dhambi zilizopita.

Maoni yangu ni kwamba tunawashauri vibaya ndugu hawa. Wengine tunawaambia, "Kapime tena uwe na uhakika." Wengine tunasema, "Sali tu, shaka ni ukosefu wa imani." Ushauri wa kwanza unailisha hofu, na wa pili unaongeza hatia. Dhambi ipelekwe kwenye kitubio, mara moja. Virusi vipimwe kituoni, kwa wakati wake. Na hofu isiyosikia majibu ya kipimo wala maneno ya maondoleo inaweza kuwa ugonjwa, nao unatibika. Ipelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kwenda huko si kukosa imani, kama vile kutibiwa malaria si kukosa imani.

Sisi waseminari, ambao kesho tutahubiri, tujihadhari na mahubiri yanayoufanya UKIMWI kuwa fimbo ya Mungu. Kwenye mabenchi yale yale wameketi ndugu wanaoishi na virusi, wanaomeza dawa kila siku, wanaofanya kazi na kulea watoto. Tukiueleza ugonjwa wao kama mwisho wa dunia tunawajeruhi wao, na tunamtia hofu asiye nao.

Nami nilikosea. Baada ya siku ile kijana alinipigia simu karibu kila jioni: "Frateri, una hakika sina?" Kila jioni nilimjibu, akatulia saa moja, kesho akapiga tena. Nilichelewa kutambua kwamba mimi ndiye nilikuwa kipimo chake cha nane. Siku moja nikamwambia, "Ndugu yangu, swali hilo lilishajibiwa, sitalijibu tena. Lakini nitakusindikiza kwa daktari." Alinyamaza muda mrefu, akauliza tutaondoka saa ngapi.

Tulipanda basi la asubuhi kwenda Morogoro. Bado anaogopa, ila tangu siku hiyo hajapima tena. Tumwombee, na tuwasindikize walio kama yeye.