Usafiri wa Busia na Tororo Upangwe na Wenyewe

Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wakipinga kulipishwa vipimo vya Uviko-19. Foleni ikarefuka kwa kilomita nyingi upande wa Kenya, na vituo vya mafuta Uganda vikaanza kukauka. Petroli ilipopanda bei, nauli nazo zikapanda. Mkulima wa Sop Sop, wilayani Tororo upande wa Uganda, anayepeleka muhogo sokoni mjini hana sauti katika migogoro ya namna hiyo, ila gharama yake humfikia mlangoni.

Mgomo ule uliisha, lakini tatizo lililojitokeza lipo palepale. Boda na matatu za eneo hili zinaendeshwa kwa mafuta yanayoshushwa bandarini Mombasa na kusafirishwa mamia ya kilomita. Njia ikifungwa popote katikati, Busia na Tororo zinakwama.

Mambo hayakuanza hivyo. Boda boda ilizaliwa hapa hapa mpakani katika miaka ya 1960, vijana walipoanza kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Biashara hiyo ikasambaa Uganda na Kenya, kisha Tanzania, na haikuhitaji hata tone la petroli. Pikipiki zilianza kushika nafasi ya baiskeli Uganda katika miaka ya 1990. Kenya nayo ilipofuta ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zikafurika hadi vijijini. Zimewapa vijana wengi riziki, na hakuna mwenye haki ya kuwapokonya. Kinachostahili kubadilika ni injini, pamoja na barabara zinazopitiwa.

Umeme wa kuziendesha upo. Bwawa la Owen Falls mjini Jinja lilizinduliwa mwaka 1954, na nyaya zinazopeleka umeme wa Mto Nile Kenya zinapitia Tororo. Wilaya hiyo hiyo ina mtambo wa sola wa megawati 10 uliofunguliwa mwaka 2017. Kwa upande wa Kenya, sehemu kubwa ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mwendesha boda wa Tororo anapanga foleni kununua mafuta yaliyotoka ng'ambo ya bahari, huku nishati ya nyumbani ikipita juu ya kichwa chake.

Miji mingine imeshaanza. Kampala na Nairobi zina pikipiki za umeme ambazo mwendeshaji hasimamishi kazi kusubiri chaji: anaingia kituoni, anaacha betri iliyoisha na kuondoka na iliyojaa. Kigali imekwenda mbali zaidi, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa huko lazima ziwe za umeme. Mpakani kuna kizuizi kimoja kinachopaswa kuondolewa mapema. Kwa kawaida kila kampuni hutumia betri yake, isiyoingia kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kijana anayefanya kazi kati ya nchi mbili atakwama endapo betri ya upande mmoja haipokelewi upande wa pili. Mwendeshaji mmoja hawezi kuilazimisha kampuni ibadilike. Vyama vya boda vya Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, pamoja na vya Malaba na Tororo, vikikaa meza moja na kukataa mkataba wowote usio na betri ya pamoja, vitasikilizwa.

Kuna pia wasiopanda pikipiki kabisa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni ili kuharakisha mizigo na wasafiri. Hata hivyo, uhai wa mpaka huu hauko kwenye malori peke yake. Uko kwa akina mama wanaovuka kwa miguu na ndoo za samaki na nyanya, kwa wenye baiskeli, na kwa watu wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Hawa ndio wanaosafiri bila kuchafua hewa, na ndio wanaosukumwa kwenye mitaro lori linapopita. Njia yao pana, laini, yenye kivuli na taa, ni sehemu ya usafiri wa umma kama ilivyo stendi ya matatu.

Reli nayo isisahauliwe. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya umeme ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Huu ndio wakati wa kudai mabehewa ya abiria na stesheni zilizounganishwa na stendi za boda na matatu, kabla michoro haijawa zege.

Sheria inawapa wananchi nafasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekabidhi kaunti barabara zake, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, na inataka umma ushirikishwe. Nchini Uganda, wilaya huitisha kikao cha bajeti kila mwaka. Kwa hiyo waendesha boda, wachuuzi, wenye matatu, walimu, viongozi wa dini na watu wenye ulemavu wa pande zote mbili waunde kamati moja. Iandike hati moja yenye madai matatu: betri ya pamoja, njia salama ya miguu na baiskeli hadi kwenye lango la mpaka, na huduma ya abiria kwenye reli. Hati hiyo hiyo isomwe mbele ya Kaunti ya Busia nchini Kenya na mbele ya wilaya za Busia na Tororo nchini Uganda katika msimu mmoja wa bajeti, ukumbi ukiwa umejaa. Mwaka unaofuata kamati irudi kwenye vikao hivyo hivyo, iulize kila shilingi iliyotengwa imejenga nini.