Fedha za Ulaya, uamuzi wa nani?

Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba misaada ya nchi yake kwa nje itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, ili fedha zitakazookolewa ziende kwenye ulinzi. Mwezi huohuo serikali ya Uholanzi ikasema inaachana na kugharimia miradi ya haki za wanawake na usawa wa kijinsia. Asasi za kiraia barani Afrika zikaanza kupiga hesabu upya. Ni hesabu ya lazima, maana ndani yake mna mishahara ya watu. Ubaya ni kwamba imemeza mjadala wote, kana kwamba dosari ya ubia huu siku zote imekuwa uchache wa fedha tu.

Mjini Ouahigouya, kaskazini mwa Burkina Faso, dosari ilionekana zamani, na mahali pengine: nani anaamua. Mwaka 1967 Bernard Lédéa Ouédraogo, aliyekuwa mwalimu, alianza kuunda vikundi vya Naam. Alifuata desturi ya Wamosi ambayo vijana wa rika moja hulima na kufanya kazi za kijiji kwa pamoja. Karibu miaka kumi baadaye, yeye na Mfaransa Bernard Lecomte wakaanzisha Six-S, shirika lenye makao Geneva lililolenga jambo moja: kuutumia msimu wa kiangazi. Hiyo ndiyo miezi ambayo vijana wa Yatenga, eneo la Ouahigouya, walizoea kufunga mizigo na kwenda kutafuta vibarua Ivory Coast.

Fedha zilitoka Ulaya, zikiwemo za serikali ya Uswisi na za Misereor, shirika la Wakatoliki wa Ujerumani. Kilichoshangaza ni masharti yake. Hazikufungwa kwenye andiko la mradi lililopitishwa mapema. Kamati za wanavijiji katika kila kanda ndizo zilizokaa na kuamua: kisima huku, bwawa dogo kule, benki ya nafaka, safu za mawe za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hesabu zilitolewa baada ya kazi. Wala hazikuwa fedha za bure, kwa sababu kikundi ambacho hakijajipanga na kuchangia nguvu zake hakikupata kitu. Fundi aliyejifunza kazi katika kijiji kimoja alitumwa kuwafundisha wa kijiji kingine. Utaratibu huo ukavuka mipaka hadi Senegal, Mali na Niger.

Mwaka 1986 Lecomte aliandika kitabu kuhusu mipaka ya misaada inayotolewa kwa mradi mmoja mmoja. Kilichapishwa na OECD yenyewe, jumuiya ya nchi tajiri zinazotoa misaada hiyo. Ukiitazama mikataba ya siku hizi, ni vigumu kujua wanachama wake walikiweka kwenye kabati gani.

Asasi ndogo ya leo huandika mradi wa miaka miwili au mitatu kwa kufuata tangazo la mfadhili. Malengo huwekwa kabla ya mwanakijiji wa kwanza kuulizwa. Mvua zikikosekana na watu wakahitaji mbegu badala ya semina, fedha hazihami kutoka kasma moja kwenda nyingine bila barua, na barua hiyo husubiri jibu wakati msimu wa kupanda unapita. Ripoti ya robo mwaka huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ikasomwe Brussels au Stockholm. Wanakijiji wanaotajwa ndani yake kwa idadi, wanawake wangapi na vijana wangapi, hawaioni.

Tena sehemu kubwa ya fedha haifiki moja kwa moja. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu mjini Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau robo ya fedha za misaada ya dharura itakwenda kwa mashirika ya wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ulipita huku zinazokwenda moja kwa moja zikiwa chini ya asilimia 5. Na kupitisha fedha kwa dalali kuna bei yake. Uchambuzi wa shirika la Share Trust wa 2022 ulikadiria kwamba shirika la wenyeji linaweza kufanya kazi ileile kwa ufanisi wa gharama uliozidi kwa asilimia 32, kwa kuwa halibebi mishahara na gharama za makao makuu ya kimataifa.

Wafadhili watajibu kwamba fedha zisizofungwa huibwa. Hofu hiyo ina msingi, na wizi katika asasi si hadithi ya kutunga. Ila fedha zilizofungwa nazo huibwa, tena kwa risiti safi. Mbaya zaidi, uamuzi unapobaki kwa wageni, wakubwa wa nchi hupata kisingizio cha bure. Uganda iliyaona hayo kwenye mfuko wa DGF (Democratic Governance Facility), ulioanzishwa 2011 kwa fedha za nchi za Ulaya ili kusaidia asasi za utawala bora. Mwanzoni mwa 2021 Rais Museveni aliusimamisha, akilalamika kwamba fedha nyingi kiasi hicho zinaendeshwa na wageni bila serikali yake kuwa na usemi. Aliuruhusu tena katikati ya 2022, lakini mwisho wa mwaka huo ukafungwa. Hoja ya rais ilikuwa na maslahi yake, bila shaka. Hata hivyo, wenye mfuko walimrahisishia kazi.

Njia nyingine ipo, na Waholanzi wenyewe waliijaribu. Kuanzia 2017 walikabidhi fedha kwa mifuko minne ya wanawake ya nchi za Kusini, mmojawapo ukiwa AWDF (African Women's Development Fund) wa Accra, ulioanzishwa na wanawake Waafrika mwaka 2000. Accra ndiko vikundi vya wanawake vya Afrika vilikochaguliwa. Kwamba uamuzi wa 2025 umeligusa eneo hilohilo la haki za wanawake ni uchungu usiohitaji maelezo.

Asasi zitakazokaa mezani na wafadhili sasa zina mambo ya kudai hata kama kapu limepungua: mkataba wa miaka mitano, ruhusa ya kuhamisha fedha kati ya kasma, notisi ya mwaka mzima kabla ya fedha kukatwa, na gharama za uendeshaji kulipwa zote. Hilo la mwisho ndilo zito, maana michango ya wenyeji haifiki huko. Mwaka 2011, katika kampeni ya Kenyans for Kenya, Wakenya walichanga mamia ya mamilioni ya shilingi kwa ajili ya waliokumbwa na ukame, wengi wao kwa simu. Watu huchangia njaa, msiba na matibabu. Harambee ya kumlipa mhasibu wa asasi, au kodi ya ofisi yake wilayani, haijulikani ilifanyika wapi. Pengo hilo fedha za Ulaya zingeliziba bila gharama kubwa, na ndiyo kasma ambayo mikataba mingi huibania kuliko zote.