Heshima ya Nyumba na Kilio cha Mtoto

Jumapili pale Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Posta, na Ijumaa kwenye misikiti ya Kariakoo, hupita familia za kutamanika: baba mpole, mama aliyejistiri, watoto wasafi wanaowaamkia wakubwa shikamoo. Kuzisifu si kosa. Kosa ni kuifanya sifa hiyo kinga ya kutoulizwa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya matukio yaliyowapata wasichana yalitokea ndani ya nyumba ya mtu, si vichochoroni. Kwa baadhi ya watoto hao, komeo tunalolitia usiku ili mwizi asiingie liliwafungia ndani pamoja na adui yao.

Wapo wanaolaumu maghorofa. Zamani Kariakoo ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja, wapangaji wakipika uwani, na kilio cha mtoto hakikuweza kufichika. Leo kuna geti la chuma, na jirani ni mtu wa kusalimiana kwenye ngazi. Lakini hata uwani watu walisikia wakasema, "Hayo ni ya kwao." Ukimya huu ni wetu wenyewe. Jambo likifichuka, wazee hukaa kikao, faini hulipwa, binti hupelekwa kwa bibi yake kijijini, na aliyemharibu hubaki mezani akikaribishwa chakula. Kikao hicho hakina mamlaka ya kulimaliza jambo hilo. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayemwingilia binti yake, mjukuu wake au dada yake aliye chini ya miaka 18 hufungwa si chini ya miaka 30; na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Tutaambiwa dini imeamuru sitara. Naam, sitara ya aibu iliyo baina ya mtu na Mola wake; dhuluma aliyofanyiwa mwingine ni haki ya mja, wala haifutwi faraghani. Tutaambiwa pia kuna fitina. Ipo, na ndiyo sababu ya kuwaachia uchunguzi daktari na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, badala ya uvumi wa barazani.

Hoja nzito ni ya mama: mume wangu akifungwa, nani atatulisha? Sithubutu kuipuuza. Mwanamke anayeuza chakula pembeni mwa soko, mwenye nyumba akimdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anajua kwamba kusema ukweli ni kuhatarisha paa la wanawe. Lakini ukoo huohuo unaomnyamazisha huunda kamati, ukachapisha kadi na kuchangisha mamilioni ya harusi kwa miezi miwili. Wajomba na mashangazi wanaweza kukaa kikao cha namna hiyohiyo kwa ajili yake: kodi ya chumba, ada za watoto, mtaji wa kuanzia, na mtu wa kumsindikiza binti kituoni na mahakamani mpaka hukumu itoke.