Uhuru wa Mfuko ni Kutodaiwa

Jioni moja barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, palizuka ubishi. Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Ghuba alisema uhuru wa mtu ni mali: ukiwa na nyumba mbili za kupangisha, humnyenyekei mtu. Mzee mmoja mvuvi akacheka. "Mwanangu," akasema, "mimi ningekuwa na nyavu zangu mwenyewe ningejiona sultani."

Asiyejua uvuvi huenda asimfahamu mzee huyu. Wavuvi wengi wa pwani hawana nyavu wala mashine ya chombo. Hupewa na tajiri, na tajiri huyo huyo ndiye anunuaye samaki kwa bei aipangayo yeye. Deni hukatwa kidogo kidogo, kisha kusi likivuma na bahari ikichafuka, huongezeka tena. Basi samaki wana mwenyewe kabla hawajavuliwa.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu habari hii. Yeye hupika mahamri ya kuuza kila asubuhi. Akanijibu, "Uhuru wangu mimi ni pesa za mahamri. Hizo siulizwi." Nami sikuwa na la kujibu, maana sheria yetu yasema mali ya mke ni yake, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake.

Wote watatu wamesema kweli. Lakini mimi, ndugu msomaji, nina langu.

Siku tuliyomzika baba, kabla ya maiti kuswaliwa, ami yangu alisimama akatangaza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, aonane na warithi. Watu wakanyamaza kimya. Baba hakuacha shamba wala nyumba ya pili. Aliacha baiskeli na msahafu. Hata hivyo, kimya kile nilikiona ni urithi mkubwa.

Mimi nikifa leo, hakutakuwa na kimya. Mwaka juzi nilimwoza binti yangu, nikataka watu waseme harusi ilifana. Nilikopa kwa watu watatu, na zilipopungua nikakopa kwa simu. Mikopo hii ya simu, iliyoenea nchini tangu mwaka wa 2012, imetuondolea haya: humwendei mtu ukamtazama usoni, wabonyeza tu usiku wa manane, na asubuhi ada imeshaingia. Biriani ililiwa siku moja, na deni nalilipa mpaka leo. Wahenga hawakukosea: kukopa harusi, kulipa matanga.

Tusome Suratut Tawba, aya ya 60, inayowataja watu wa namna nane wanaostahiki zaka. Ametajwa mtumwa wa kukombolewa, na anayemfuatia ni mwenye deni. Sidhani kuwa wamewekwa pamoja bure. Hapa pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka wa 1907, lakini mwenye deni yungali nasi. Hupita vichochoro vya nyuma asionane na mwenye duka, na simu ikilia hushtuka.

Sisemi kukopa ni haramu. Kukopeshana bila riba ni wema, na mvuvi akikopeshwa nyavu kwa haki atainuka. Ninalolipinga ni kukopa ili tusifiwe. Harusi na ziwe ndogo, mahari yawe mepesi, na deni lisilokuwa na budi liandikwe mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Kijana na azitafute nyumba zake mbili, nami namwombea azipate. Mimi nimeanza kulipa, mmoja baada ya mmoja. Namwomba Mwenyezi Mungu anipe umri wa kumaliza, ili siku yangu atakaposimama mtu kutangaza, watu wanyamaze kama walivyomnyamazia baba.