Mnara Upimwe, Wananchi Wasomewe Matokeo



Huku kwetu Katavi vijiji viko mbalimbali, na mnara wa simu ni baraka. Mama mjamzito wa Karema akizidiwa usiku, simu ndiyo huita gari. Lakini mnara ukisimikwa karibu na makazi, minong'ono huanza: mionzi italeta saratani, itaharibu mimba. Wapo wanaowacheka wanaouliza. Sisi tunaosoma falsafa tunasema kicheko si jibu. Plato alitofautisha maoni na ujuzi, na hapa njia ya kutoka kwenye maoni kufikia ujuzi ni kipimo.

Tuanze na yanayojulikana. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi kama eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto yakizidi kiwango. Ndiyo maana jopo la kimataifa la ICNIRP limeweka ukomo kwa raia: wati 4.5 kwa mita ya mraba kwenye masafa ya megahezi 900. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya mawimbi hushuka hadi robo. Na simu iliyo sikioni kwa kawaida hutupatia mawimbi mengi kuliko mnara, hasa mtandao ukiwa hafifu.

Hata hivyo, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka mawimbi haya kundi 2B: huenda yakasababisha saratani, ila ushahidi ni mdogo. "Huenda" si "ndiyo", wala si "hapana". Kwa hiyo anayeuliza ana haki ya kujibiwa.

Kudhibiti mionzi nchini ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Tunachoomba ni kwamba vipimo visiishie kwenye mafaili. Visomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili: vilipimwa wapi, lini, kikapatikana kiasi gani, na ukomo ni upi. Katika waraka Laudato Si' wa 2015, Papa Fransisko alidai wenyeji wapewe nafasi ya pekee mradi unapojadiliwa. Nafasi hiyo haina maana kama hawana taarifa.

Nasi waseminari, tukienda vigangoni wakati wa likizo na kuulizwa kuhusu mnara, tusijibu kwa uvumi wala kwa dharau. Tuwasaidie wananchi kuandika barua ya kuomba upimaji, kisha tukae nao kusikiliza matokeo, yawe yanatufurahisha au la.